Hedi Mbili za Pikapu ya Baba

Sitataja pikapu ya baba ni ya kampuni gani, maana wapenzi wa magari hayo ni wengi na ni wakali, na mimi mwaka huu nimebishana vya kutosha. Inatosha kujua kwamba ni ya mwaka wa sitini na tisa, ni ya kijani, na injini yake ilitengenezwa kwa namna mbili. Magari madogo yalipewa hedi ya aluminiamu, malori mepesi yakapewa hedi ya chuma. Hedi ni kile kipande kinachofunika silinda juu, penye vali na njia za maji ya kupoza. Hizo mbili zina matundu yaleyale na hufungwa kwa bolti zilezile, kwa hiyo unaweza kutoa hii ukaweka ile. Laiti zisingelingana. Ningelala usingizi wangu, na nisingeaibika Kilungu.

Mimi ni Mulwa, fundi wa magari hapa Malili, kando ya barabara ya Mombasa, na nina hasira za karibu. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa.

Mambo yalianza Januari huko Zombe, kwa wazazi wangu. Rafiki wa mama, waliyekuwa naye kikundi kimoja kanisani, alifariki. Siku ya mazishi, jeneza likiwa tayari uani, ndugu za marehemu walisema halishuki kaburini. Mumewe alikuwa amekaa naye miaka arobaini bila kupeleka mbuzi wa ntheo. Kwetu Ukambani ntheo ndiyo ndoa yenyewe. Hata ukifunga harusi ya kanisa yenye keki ya ghorofa tatu, kama mbuzi wako watatu hawajafika kwa wazazi wa msichana, msichana bado ni wao. Basi mchungaji akafunga kitabu chake akaketi, waombolezaji wakaketi, na mzee wa watu akahangaika sokoni kutafuta mbuzi huku mkewe akimngoja ndani ya sanduku.

Mama alirudi nyumbani akavua viatu, akamwambia baba mbele yangu, "Ndululu, mimi mbuzi zangu hazitapita kando ya jeneza."

Baba alimchukua mama kwao Kilungu mwaka wa sabini na nne, kwa pikapu hiyohiyo, wakati ukame ulikuwa umemaliza mifugo yote. Aliahidi kupeleka mbuzi msimu wa mvua utakaofuata. Kwetu misimu ya mvua ni miwili kwa mwaka, kwa hiyo hesabu mwenyewe imepita mingapi. Sasa baba ana miaka themanini na mmoja, mama sabini na mitatu, na katika ndugu zake mama amebaki mmoja tu, mjomba Kilonzo, ambaye ni mkubwa kuliko wote hao.

Mjomba aliposikia, alituma neno kwamba anawangoja Jumamosi ya pili ya Agosti. Ila mbuzi wafike kabla ya saa saba mchana, kwa sababu akishakula chakula cha mchana yeye husinzia, na hataki kupokea mbuzi wa dada yake usingizini. Nilidhani baba atakodi gari zuri, twende, turudi, yaishe. Wapi. Alitoka nje akasimama mbele ya kibanda ambamo pikapu ilikuwa imelala miaka minne, kuku wakitagia ndani.

"Nilimtoa kwao na hii," alisema. "Nitampeleka na hii."

Nilimweleza kwamba imekufa. Akaniuliza kama mimi ni fundi au ni mchuuzi wa nyanya.

Nilifungua injini palepale Zombe, ili nijue kama inafaa kukokotwa mpaka Malili. Ile hedi ya aluminiamu, iliyokuja na gari, nilipoitoa nilitamani kuirudisha nisiione. Kandokando ya matundu ya maji ilikuwa imeliwa kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi, na ilikuwa na unga mweupe. Gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi na injini, haikuwa na mahali pa kushikilia. Mama alikuja na kikombe cha chai, akainama, akaangalia.

"Ni maji hayo," alisema. "Maji ya hapa ina chumvi."

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita mama zetu, "mambo ya vyuma tuachie sisi."

Lazima nieleze kuhusu maji ya kwetu. Zamani tulichimba mchangani kwenye mto mkavu. Mwaka wa themanini na sita kikachimbwa kisima kirefu cha mashine, na mwenyekiti wa kamati ya kisima alikuwa baba. Alitembea ofisi baada ya ofisi miaka sita kukitafuta. Siku maji yalipotoka watu walilia, na baba alikunywa kikombe cha kwanza mbele ya umati, akafuta mdomo akasema ni matamu. Tangu siku hiyo, kusema nyumbani kwetu kwamba maji yana chumvi ilikuwa sawa na kumtukana baba. Mimi nimekua nayo. Ukiniuliza, nitakuambia ni maji tu, yana ladha ya maji. Mama alizaliwa kando ya chemchemi, kwa hiyo tulichukulia kwamba anadeka.

Nikaikokota pikapu mpaka Malili, nikatafuta hedi. Ya aluminiamu haikupatikana popote. Ya chuma niliipata kwa muuza vyuma kuukuu pale Salama, imefunikwa na gunia, haina ufa hata mmoja. Nilifurahi sana, mimi ambaye kufurahi si tabia yangu. Niliipeleka kwa Gathua akaisawazishe uso.

Gathua ana mashine ya kusawazisha vyuma, mita mia hivi kutoka kwangu. Wazazi wake walitoka Nyeri, yeye amekaa Malili miaka ishirini na kitu, na Kikamba anakiongea vizuri kuliko watoto wangu. Ni mtu mpole. Upole wake ndio unaonimaliza, kwa sababu ukigombana naye unajisikia peke yako.

Aliziweka hedi zote mbili juu ya meza, ya zamani na ya Salama. Ile ya aluminiamu aliibeba kwa mkono mmoja. Ya chuma tuliinyanyua wawili, na mgongo wangu ukanikumbusha miaka yangu.

"Mulwa, mimi ningejaza hii," alisema, akigonga aluminiamu kwa kidole. "Nichomelee hapa kwenye imeliwa, nisawazishe, urudishe. Hii inatoa joto haraka. Kilungu ni kupanda tu. Hii chuma yako itashika joto kama sufuria ya githeri."

"Aluminiamu ni laini," nikasema. "Ikichemka mara moja inapinda. Plagi ukikaza kidogo, nyuzi za tundu lake zinatoka. Chuma kinavumilia. Chuma ukikikosea leo, kesho bado mnaongea."

"Chuma nayo inapasuka."

"Ukiwa mjinga."

Hakukasirika. Alichukua pipa lililokatwa, akachemsha maji, akatumbukiza hedi zote mbili mpaka zikashika moto sawasawa, akazitoa kwa koleo akaziweka kivulini. Tukakaa tukizitazama, wanaume wawili wazima wenye kazi zao. Baada ya muda akaweka kiganja juu ya aluminiamu na kukiacha hapo. Akanionyesha ya chuma. Niligusa nikatoa mkono mbio.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona ina msimamo," nikamjibu.

Alicheka, na kicheko hicho kilinichoma kuliko hedi. Kisha akasema jambo ambalo sasa nalikumbuka kila nikilala. "Sawa, weka chuma. Lakini nani alikula hii ya kwanza? Kama haujamjua, atakula na ya pili."

"Imejila yenyewe kwa ulaini wake," nikasema.

Nikaenda zangu. Juma zima niliifunga ile hedi ya chuma kwa uangalifu ambao sijawahi kumfanyia mteja anayelipa. Nilikaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, mara tatu, kila mara kidogo kidogo. Nikawasha injini ikapata moto, nikazima, ikapoa usiku mmoja, nikakaza tena. Nilibadilisha mipira ya maji na mkanda wa feni. Rejeta, lile sanduku la mbele linalopoza maji, nililipuliza vumbi kwa nje, nikaona halivuji, nikalipaka rangi nyeusi likapendeza. Ndivyo nilivyolikagua, kwa brashi ya rangi. Fundi wa miaka thelathini na mbili. Nikajaribu gari asubuhi ya baridi, tupu, kwenye barabara tambarare hadi Konza na kurudi. Sindano ya joto haikutikisika. Nilipita mbele ya karakana ya Gathua nikipiga honi.

Ijumaa nikaenda nayo Zombe. Baba aliizunguka mara mbili, akafungua boneti, akaona hedi nyeusi badala ya ile ya kung'aa aliyoizoea. Uso wake ulishuka.

"Hiyo si yake," alisema.

"Nau," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita baba zetu, "ile yake imekwisha. Hii ni bora."

"Ilikuja na ile."

Nilieleza tena habari ya ulaini, habari ya kupinda, habari ya malori. Nilieleza mpaka sauti yangu ikapanda na majirani wakachungulia. Baba aligeuka akaenda kuwaangalia mbuzi wake, wawili wa kike na beberu mmoja mkubwa mwenye doa jeupe, aliowachagua tangu Machi na kuwalisha kwa mkono. Nilibaki na boneti wazi, nimekasirika kwa kukosa asante. Nikachukua mtungi uliokuwa kando ya jikoni, nikajaza maji yaliyopungua kwenye rejeta, na mwingine nikaufunga nyuma kwa ajili ya safari. Mama alikuwa mlangoni akichambua pojo.

"Unaweka hayo maji tena?" aliniuliza.

"Mwaitu, chuma hakijali chumvi."

Alirudi kwenye pojo zake.

Tuliondoka alfajiri baada ya maombi. Baba ni mzee wa kanisa na maombi yake ya safari humtaja kila dereva wa nchi hii, na injini ilikuwa inanguruma muda wote huo, mimi nikifumba jicho moja na kwa lingine nikitazama sindano. Mama alikaa katikati kwa kitambaa kipya cha kichwa. Baba alikaa dirishani, fimbo katikati ya magoti. Mbuzi nyuma, na nyasi zao, na mtungi wa maji. Kitui tukapita salama, na Machakos vilevile. Saa tatu unusu tulikuwa Malili, na Gathua alikuwa amesimama kando ya barabara kama mtu aliyepanga.

Aliwasalimia wazazi wangu kwa Kikamba, kwa heshima zote, akaja upande wangu akaweka kiganja juu ya boneti.

"Iko na joto," alisema.

"Ni injini," nikasema. "Ungetaka iwe na nini?"

Tulipoacha barabara kuu pale Salama na kuanza kupanda, kulikuwa na ukungu wa Agosti na baridi ya kukata masikio. Nilijiambia kwamba kwa baridi kama hii hata gari la udongo lingepanda. Kona ya tatu, sindano ikaanza kutambaa. Kona ya sita ikagusa nyekundu. Nikapunguza mwendo, na bado ikapanda. Mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, kioo kikafunikwa, na beberu akaanza kulia kule nyuma kama aliyekuwa akingoja ruhusa. Nikaegesha kando ya shamba la maparachichi. Ilikuwa saa nne na nusu, na kwa mjomba kulikuwa bado kilomita saba, zote za kupanda.

Baba alishuka haraka kuliko nilivyodhani anaweza. Alipofika mbele alikuwa tayari na mtungi mikononi, na nilipofungua boneti akauinua amwagie injini. Nilimpigia kelele. Ni kweli, nilimpigia kelele baba yangu mzazi njiani, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakishuka na mizigo ya majani ya ng'ombe.

"Wacha! Chuma ikiwa moto ukiimwagia maji baridi inapasuka!"

Alisimama na mtungi wake. "Si ulisema hii inavumilia," alisema taratibu.

Tulikaa tukingoja ipoe, na kama Gathua alivyonionyesha kwenye meza yake, chuma hakikuwa na haraka. Dakika ishirini zikapita, injini bado huwezi kuigusa. Nilizunguka gari nikitukana moyoni. Nilimtukana muuza vyuma wa Salama, nikamtukana Gathua kwa kuwa sahihi, nikatukana milima. Mjomba Kilonzo alipiga simu kuuliza tumefika wapi. Nilimwambia tuko karibu. Akasema maji ya ugali yako jikoni.

Mama alikuwa ameshuka akasimama mbele ya gari, mikono ndani ya leso yake. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mfuniko wa rejeta, na yalipokauka kwenye rangi yangu nyeusi yaliacha madoa meupe. Alinyoosha kidole, akagusa tone lililopoa, akakitia mdomoni.

"Chumvi," alisema.

Nilikuwa karibu kumjibu vibaya. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini yale madoa meupe yalikuwa mbele ya macho yangu, na nikaona unga uleule uliokuwa kwenye hedi ya aluminiamu, unga uleule ulioko ndani ya birika la mama kule Zombe, ambao mimi mwenyewe utotoni nilikuwa nikiukwangua kwa kijiko. Nikaweka mkono juu ya rejeta kwa kitambaa. Moto. Nikaushusha polepole. Kuanzia katikati kwenda chini ilikuwa baridi kabisa, baridi kama jiwe la ukungu. Maji yalikuwa hayapiti. Mishipa yake ilikuwa imeziba kwa chumvi ya miaka yote ile, na mimi nilikuwa nimeipaka rangi.

Kwa hiyo haikuwa aluminiamu, wala haikuwa chuma. Hata hedi ya dhahabu ingechemka pale. Miezi miwili nilikuwa nimepima vyuma viwili, nikavichemsha kwenye pipa, nikagombana juu yake na mtu mpole, na mtu pekee aliyejua ugonjwa alikuwa ameniambia mara mbili, mara ya kwanza akiwa na kikombe cha chai mkononi, na mimi nikamwambia atuachie. Nilisikia aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Nau," nikamwambia baba, "hii itachukua muda. Saa saba haitatungoja."

Baba alitazama barabara, akatazama mlima. Kulikuwa na njia ya miguu iliyokata moja kwa moja katikati ya mashamba.

"Hii inatoka wapi?" alimuuliza mama.

"Inapita kwa chemchemi yetu, halafu inatokea kwa Kilonzo," mama alisema. "Nilikuwa napita hapo kila siku na mtungi."

Baba alifungua mlango wa nyuma akawashusha mbuzi mmoja mmoja. Nilimwambia hawezi, miguu yake si ya mlima huu. Alikuwa ameshafunga kamba tatu kwenye mkono. Mama hakuweza kumfuata, kwa kuwa mwanamke hapeleki mbuzi wa ntheo yake mwenyewe. Tukamwangalia akipanda, fimbo upande mmoja, beberu akimvuta upande wa pili, koti lake la kanisani likishika miiba. Alisimama mara mbili kupumua, kisha ukungu ukamficha.

Mimi nikafungua rejeta, nikaitoa. Wale wanawake wawili walikuwa wameweka mizigo yao chini kutazama, na mmoja akaniletea pampu ya mgongoni ya kunyunyizia miti dawa, akanihakikishia ameiosha. Tulichota maji kwenye mfereji unaotoka chemchemini. Niliingiza mdomo wa pampu tundu la chini, nikasukuma maji kinyumenyume. Mwanzoni hakikutoka kitu. Nikasukuma tena, mama akishikilia rejeta kwa leso yake mpya, na mara kikatoka kitu kama uji wa ulezi, kisha vipande vyeupe vikubwa kama maganda ya mayai. Vilijaa kwenye nyasi. Mama alivitazama tu, na ningependa angenikemea.

"Mwaitu, nilikosea," nilimwambia.

"Sukuma," alisema.

Haikuzibuka yote, ila nusu yake ilizibuka. Nikaifunga, nikaijaza maji ya Kilungu, nikalala juu ya hedi nikisikiliza kama kuna ufa. Hakukuwa na ufa. Boneti nililitoa nikaliweka nyuma walipokuwa mbuzi, tukapanda kwa gia ya kwanza, tukipumzika kila kilomita. Tulipoingia kwa mjomba Kilonzo ilikuwa saa saba na dakika ishirini, na nilikuwa nimekata tamaa.

Mjomba hakuwa amelala. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba ndani ya makoti mawili, sahani ya ugali mbele yake haijaguswa. Alikuwa amekataa kula. Mbuzi watatu walikuwa wamefungwa kwenye mti wa kahawa, na baba alikuwa kwenye kiti, suruali imelowa hadi magotini. Walikuwa wamefika saa sita na nusu. Mjomba aliwatazama mbuzi kwa muda mrefu, akampa mama mkono, akamwita mbele. Kabla beberu hajachinjwa, huwa binti anaulizwa.

"Syokau, mwana wa mwaitu," mjomba alisema, "huyu mtu amekuja na mbuzi. Tukule ama tusikule?"

Watu walianza kucheka, kwa sababu ni swali la wasichana, na huyu ana wajukuu tisa. Jibu linajulikana. Mama hakucheka. Alikunja ile leso iliyochafuka, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Mimi nimeambia watu wa huko kwangu kitu moja tangu kisima ichimbwe," alisema. "Hakuna mtu amenisikia. Mume hajasikia, watoto hawajasikia. Leo asubuhi nimesema tena, njiani. Mnaniuliza kama mkule. Na mimi nikisema, kuna mtu atasikia?"

Nilikuwa nimesimama karibu na gari, mafuta mpaka viwikoni. Nilitaka ardhi inifunike. Mjomba aligeuka kumtazama baba, na kila mtu akageuka, na nikamwogopea, kwa sababu najua baba anavyokuwa kisima kikiguswa.

Baba alishika fimbo yake akasimama. Ilimchukua muda.

"Nilikunywa pale chini," alisema. "Kwa chemchemi. Nilikuwa na kiu, nikainama nikakunywa." Akatafuta maneno yake chini. "Syokau, maji yetu ina chumvi."

Mama alimtazama yule mzee aliyelowa magoti.

"Nitajenga tangi la mvua," baba akaendelea. "Mbele ya jikoni. Mulwa atanisaidia."

"Nitasaidia," nikasema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Mama aliinama akaikung'uta leso, akajifunga kiunoni. "Kuleni," alisema.

Wanawake wakapiga vigelegele, na mjomba akavuta sahani yake ya ugali. Mimi nikaenda kwenye pikapu nikaweka kichwa karibu na injini, nikajifanya naangalia bolti za hedi, maana sikutaka watu wa Kilungu wanione nikilia.